Mzigo wa tangu Seoul msimtwike kocha

Mhariri,

Tangu nistaafu ualimu na kuhamia Nairobi kwa mwanangu, Jumapili zangu huishia City Park kutazama mpira wa magongo. Mashabiki tunaokaa pale kwenye ngazi za saruji si wengi. Tunajuana kwa majina, na asiyeonekana wiki mbili hupigiwa simu kuulizwa kama ni mgonjwa. Ndiyo maana mabishano yetu ya majuzi, kwa nini timu ya taifa haijarudi Olimpiki tangu Seoul mwaka wa 1988, yamenikaa moyoni hadi nimeona nikuandikie.

Vijana walimrukia kocha: hajui kupanga kikosi, ana wachezaji wake wa kipenzi, na kona fupi, zile za adhabu, zinapigwa kama mtu anayerusha jiwe gizani. Watu wa makamo wakasema shida ni chama cha magongo. Wazee wenzangu nao wakatoa kauli yao ya miaka yote, kwamba Wahindi waliondoka na mpira wao. Nilipoulizwa maoni yangu nilikuwa na njugu mdomoni, na kabla sijazimeza mechi ilikuwa imeanza tena.

Wazee wenzangu wana ukweli kiasi. Kikosi kilichotupa sifa kilijaa vijana wa asili ya Kihindi, Masingasinga na Wagoa. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Walikuwepo akina Alu Mendonca, Hilary Fernandes na Silu Fernandes. Tokyo mwaka wa 1964 tulimaliza wa sita. Halafu Barcelona mwaka wa 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa la magongo, tukafika nusu fainali. Wenyeji Uhispania walitufunga 1-0, na India ikatunyima nafasi ya tatu kwa 2-1. Wa nne duniani! Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu jambo hili, wakawa wanatazamana kama watu wanaosikia habari za Sungura na Fisi.

Ni kweli pia kwamba jamii hiyo ilianza kuhama mwishoni mwa miaka ya sitini, masharti ya leseni za biashara na vibali vya kazi yalipobana, na Uingereza nayo ikaanza kufunga mlango wake mwaka wa 1968. Kufikia Munich tulikuwa tumeporomoka hadi nafasi ya 13. Wazee wenzangu hukomea hapo kila mara. Mimi huwauliza, na 1987 je? Michezo ya Afrika ilipofanyika hapa Nairobi, dhahabu ya magongo ya wanaume haikutoka nje ya nchi, na mwaka uliofuata tukaenda Olimpiki ya Seoul. Kikosi hicho kilikuwa na Lucas Alubaha, Peter Akatsa na Michael Omondi. Majina hayo hayatoki Punjab wala Goa. Kwa hiyo mchezo ulikuwa umeshapata warithi, na bado tangu Seoul hatujaiona Olimpiki tena. Hilo haliwezi kuwa kosa la watu waliopanda ndege miaka ishirini kabla yake.

Kuna mambo mawili ambayo sijasikia yakitajwa pale kwenye ngazi. La kwanza ni Afrika Kusini. Karibu miaka yote tuliyokuwa tukifuzu, nchi hiyo ilikuwa imefungiwa nje ya michezo ya kimataifa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Iliporejea mwanzoni mwa miaka ya tisini, tikiti ya Afrika ikapata mwenyewe mpya. Hata ile ya Paris 2024, kwa wanaume na kwa wanawake, ilichukuliwa na wao, kwao nyumbani Pretoria. Anayelinganisha kocha wa leo na kocha wa 1987 analinganisha watu waliofanya mitihani miwili tofauti.

La pili ni nyasi bandia, na hapa naomba uniruhusu nirefushe kidogo.

Montreal 1976 ilikuwa Olimpiki ya kwanza magongo kuchezwa kwenye nyasi bandia. Sisi hatukuwepo, maana tulisusa pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa ajili ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini. Moscow 1980 tukasusa tena, safari hii kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Sisemi tulikosea kuupinga ubaguzi. Ningekuwa na uwezo ningeupinga tena. Nasema tu kwamba mchezo ulibadilishiwa sakafu siku ambazo hatukuwa chumbani. Najua kuna atakayenikumbusha kwamba wanawake wa Zimbabwe walikwenda Moscow wakiwa wamezoea nyasi za kawaida na wakarudi na dhahabu. Kweli kabisa. Ila timu zilikuwa sita, na nyingi zilizokuwa na nguvu zilikuwa zimesusa. Katika mashindano hayo hayo wenzetu wa Tanzania, kwa upande wa wanaume, walifungwa na India mabao 18 kwa nunge. Bahati ya 1980 ilichagua nyumba ya kuingia.

Nyasi bandia hubadilisha nini? Nitaeleza kwa lililonipata. Nilifundisha magongo katika shule moja ya magharibi mwa nchi, eneo ambalo mchezo huu una mizizi: Musingu, Kamusinga, Tigoi, St. Anthony's ya Kitale, hizo zote zimelea wachezaji. Uwanja wetu ulikuwa nyasi upande mmoja na murramu upande mwingine, na ng'ombe wa jirani walikuwa na haki sawa na yetu. Pedi za kipa nilizishona mwenyewe kwa sponji ya godoro kuukuu. Mwaka mmoja tukapata mechi ya kirafiki Nairobi, kwenye nyasi bandia. Vijana wangu hawakuwa wameziona isipokuwa kwenye televisheni.

Dakika kumi za kwanza sitazisahau. Kwetu mpira huruka, kwa hiyo mchezaji hujifunza kuusimamisha kwanza, kuutuliza, kisha ndipo ainue kichwa atafute mwenzake. Pale mpira ulikuwa unateleza kama sabuni kwenye sinki. Kila pasi ya kwetu ilivuka mstari wa pembeni. Kila pasi ya wapinzani ilifika kwa mtu, na mtu huyo alikuwa ameshaipiga kabla mlinzi wangu hajamaliza kuinama. Beki wangu wa kati, kijana ambaye kwetu hakuna aliyempita, alianguka akachunika magoti yote mawili. Akaja pembeni akaniambia, "Mwalimu, huu ni mchezo mwingine." Tulifungwa matano. Ndani ya basi la kurudi nilijaribu kutunga maneno ya kuwapa moyo, nikakosa, nikawanunulia mahindi ya kuchoma pale Nakuru.

Kijana yule alikuwa na miaka kumi na saba. Wenzake wa Uholanzi na Ubelgiji huanza kukimbia kwenye sakafu hiyo wakiwa wadogo hata hawajang'oka meno ya utoto. Sasa tumchukue kijana kama huyo, tumpeleke klabu akiwa na ishirini, tumwite timu ya taifa akiwa na ishirini na tatu, tumweke kambini wiki chache, halafu akipoteza mpira tuseme kocha hajui kufundisha. Kocha atamfundisha lini kupokea mpira, Jumanne au Jumatano?

Na hata huko shuleni, magongo kwa miaka mingi yamekuwa mchezo wa muhula wa kwanza tu, yakishindania muda na raga, mpira wa vikapu, mpira wa mikono na riadha. Timu inayotolewa mapema katika mashindano ya kaunti hufunga magongo yake stoo mwezi wa tatu, isiyaguse tena hadi mwaka mpya. Nimeshuhudia mwenyewe panya wakitengeneza kiota ndani ya begi la kipa.

Atakayeniambia kwamba sisi hatuna vipaji, nitamtajia wanawake wa Telkom, klabu ya kampuni ya simu. Walichukua ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi kiasi kwamba tulianza kuuona kama haki yao, tukaacha hata kwenda kuwapokea uwanja wa ndege. Walikuwa na kampuni nyuma yao na mazoezi yasiyokatika, wakacheza pamoja mwaka baada ya mwaka. Ufadhili ulipoondoka, timu ikabaki na jina jipya, Blazers. Wasichana walikuwa wale wale. Kwa wanaume pia, klabu za Polisi na Butali, ile ya kiwanda cha sukari, zimeitawala ligi kwa sababu hiyo hiyo: mchezaji ana uhakika wa kesho, kwa hiyo anaweza kurudia jambo moja mara elfu.

Sitaki nieleweke kwamba namtetea kila kocha. Wapo wanaostahili kuulizwa maswali, na chama nacho kiulizwe hesabu zake hadharani kila mwaka, kama chama chochote kinachovaa jina la nchi. Lakini tumebadilisha makocha mara ngapi tangu Seoul, na ni mara ngapi tumebishana juu ya sakafu moja ya nyasi bandia kule Kakamega au Kisumu, ambako ndiko watoto wenyewe walipo? City Park ilitengenezwa kwa ajili ya ile Michezo ya 1987, na kwa miaka mingi ligi nzima imeegemea hapo. Mtoto wa Kitale anayetaka kuugusa uwanja wa aina hiyo hulazimika kuvuka nusu ya nchi.

Nasi mashabiki hatujasalimika. Nina magongo manne nyumbani, yamelala juu ya kabati tangu nistaafu, na nawajua wachezaji wa zamani walio na zaidi ya hayo. Wiki ijayo manne yangu yanapanda basi kwenda shule niliyofundisha.

Basi ombi langu kwa waandishi wako wa michezo ni dogo. Kikosi kijacho cha taifa kitakapotangazwa, pamoja na jina la mchezaji, klabu yake na nafasi anayocheza, wachapishe pia umri aliokuwa nao siku ya kwanza alipokanyaga nyasi bandia. Nitalikata gazeti hilo nende nalo City Park, tulisome pamoja pale kwenye ngazi kabla ya filimbi.

Mwalimu mstaafu na shabiki wa magongo,
Nairobi