Tuzitafute Fokker zetu kabla ya wanunua vyuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu ukarabati wa MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, nami naomba ndege nazo zikumbukwe. Sisi wa Kigoma tulizijua Fokker F27 za Shirika la Ndege Tanzania: mabawa juu, madirisha makubwa ya mviringo, na aliyekaa usawa wa injini aliliona gurudumu likishuka ndege ikijiandaa kutua. Wengine walifumba macho.

Kiwanda cha Fokker, Uholanzi, kilifilisika mwaka 1996. Lakini kila ndege ina namba ya kiwandani isiyobadilika, hata iuzwe mara ngapi na kupakwa rangi upya. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ifungue daftari lake la usajili, ifuatilie kila moja iliishia wapi, na mafundi wastaafu waulizwe wangali hai. Hata bodi tupu itafaa. Kuruka tena si lazima. Liemba ilizamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, na injini zake zilipona kwa kuwa Wajerumani walizipaka grisi nzito kabla ya kuizamisha. Ndege iliyotelekezwa majanini haina grisi hiyo. Ikipatikana moja, iwekwe uwanja wa ndege wa Kigoma.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma