Majibu ya titi yakisema siyo saratani, usiyaache kaunta

Wiki iliyopita nilimkimbilia mama mmoja mpaka kituo cha daladala, bahasha mkononi. Alikuwa amefika kaunta yetu hapa Magomeni, akakataa hata kukaa. "Mwanangu, we niambie tu, ni kansa au siyo kansa?" Nikamwambia siyo. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akatoka. Majibu yenyewe akayaacha mezani.

Simlaumu. Siku saba za kusubiri majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye titi ni ndefu kuliko Ramadhani ya mtoto anayefunga kwa mara ya kwanza. Lakini karatasi ile haisemi "siyo saratani" tu. Inataja pia kilichoonekana, na hicho ndicho kitakachomwambia daktari kama mama huyu arudi kwenye shughuli zake kama kawaida, au aangaliwe kwa karibu kuanzia sasa.

Sisi ni maabara ndogo ya patholojia. Kinyama kinatufikia kwenye kopo la formalini, kinalala usiku kucha kwenye dawa, kinagandishwa ndani ya nta, kisha tunakikata vipande vyembamba kuliko utando wa kitunguu na kuvipaka rangi ya waridi na zambarau. Mtaalamu akivitazama kwa hadubini hatafuti saratani peke yake. Anatazama pia seli zimejipangaje ndani ya vijifereji vya maziwa: zimeongezeka? Na kama zimeongezeka, bado zina sura ya kawaida?

Kwa walio wengi jibu ni jepesi. Ni faibroadenoma ya kawaida, kile kijibonge kinachoteleza chini ya vidole, hasa kwa mabinti na akina dada ambao hawajafika miaka 35. Au ni vifuko vya maji, au mafuta yaliyoumia baada ya titi kugongwa. Kliniki ya Mayo ya Marekani ilichapisha mwaka 2005 utafiti wa wanawake 9,087 waliowahi kupata majibu yasiyo ya saratani, na nusu yao walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 15 au zaidi. Asilimia 67 walikuwa kundi hili, na kama hakukuwa na historia nzito ya saratani ya titi kwenye familia, hatari yao ya kupata saratani ya titi haikuzidi ya wanawake wengine.

Asilimia 30 walikuwa na seli zilizoongezeka lakini zenye sura ya kawaida. Hapo utakuta maneno kama haipaplasia ya kawaida, papiloma au adenosisi yenye makovu (sclerosing adenosis). Hatari yao ilikuwa karibu mara mbili, na hapa ndipo wateja wetu hushtuka. Dada mmoja aliposikia "mara mbili" aliniuliza kama aanze kuaga ndugu. Nikamwambia, kitumbua kikipanda bei maradufu bado utakula; kiwanja cha Kigamboni kikipanda maradufu, hapo ndipo utakapokaa chini. Kwa hiyo uliza kwanza ni mara mbili ya nini. Kwa msichana asiye na mgonjwa wa saratani ya titi katika ukoo, ni mara mbili ya kitu kidogo. Kwa mama wa miaka 55 ambaye mama yake na dada yake waliugua, hesabu ni nyingine kabisa.

Neno la kulitafuta kwenye karatasi yako ni atipia (atypia). Huenda limefupishwa kwa herufi ADH au ALH. Maana yake seli zimeongezeka na zimeanza kubadilika sura, ingawa bado hazijawa saratani. Katika utafiti uleule hawa walikuwa kama asilimia 4 tu, ila hatari yao ilizidi mara nne. Hesabu za baadaye za kliniki hiyo zinaonyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye atipia, kama 30 hupata saratani ya titi ndani ya miaka 25. Isome pia kwa upande wa pili: 70 hawapati katika muda huo. Na hatari hiyo iko kwenye matiti yote mawili, hivyo anayekagua upande uliochomwa sindano ya kipimo peke yake anakagua nusu.

Utaniambia hao ni Wazungu wa Minnesota, jimbo la Marekani iliko kliniki hiyo. Ni kweli, wengi wao. Lakini utafiti uliofanyika Detroit, Marekani hukohuko, kwa wanawake weusi ulionyesha mwelekeo uleule: atipia ndiyo inayopandisha hatari zaidi.

Kuna mtego mmoja wa herufi. LCIS ina neno karsinoma, yaani saratani, ndani yake, ila madaktari huihesabu kama alama ya hatari, na kubwa kuliko ya atipia. DCIS, tofauti ya herufi moja tu, ni saratani iliyo bado ndani ya kijifereji na inahitaji matibabu. Nimeona watu wakisomeana karatasi hizi kwenye simu, mmoja Temeke mwingine Tanga. Tafadhali, herufi zisomwe na daktari.

Na ulichomwa sindano gani? Nyembamba hunyonya seli moja moja, kwa hiyo haionyeshi zilivyojipanga. Haiwezi kukuhakikishia kwamba hakuna atipia. Nene hutoa kinyama chenyewe. Hata hivyo, majibu mazuri yasiyolingana na picha hayajamaliza kazi. Kama altrasaundi au mamografia (eksirei ya titi) ilionyesha uvimbe wa kutia shaka, kisha sisi tukaandika "mafuta ya kawaida", inawezekana sindano ilipita pembeni. Muulize daktari swali hili hasa: majibu haya yanaeleza kile kilichoonekana kwenye picha? Akisita, sindano irudiwe au uvimbe utolewe. Mimi nikipewa nafasi ya swali moja tu, ningeuliza hilo.

(Ikiandikwa granuloma, yaani mkusanyiko wa seli za kinga, utapimwa kifua kikuu, maana hushika hata titi. Na noti za Kariakoo ulizozificha kwenye sidiria hazileti saratani kabisa.)

Mwenye atipia tunamshauri aende na karatasi yake kwa daktari wa upasuaji, Muhimbili au kwengine anakoelekezwa. Mara nyingi sehemu ile hukatwa ichunguzwe yote, kwa sababu saratani inaweza kuwa jirani na palipochomwa sindano. Baada ya hapo huwa ni uchunguzi wa daktari na mamografia ya kila mwaka, kwa kuzingatia umri. Ipo pia tamoksifeni, dawa inayopunguza hatari hiyo kwa karibu nusu au zaidi, lakini ina madhara yake, ikiwemo damu kuganda, na haitumiwi na mjamzito. Usiinunue dukani kwa ushauri wa jirani.

Sisi tunatunza bloki za nta, na daktari mwingine akitaka kutazama upya tunampatia. Kuomba macho ya pili si kututukana, waulizeni wenzetu wa kaunta, tunaitoa bila kununa.

Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, tunakaa na mteja na kumsomea majibu yake kwa Kiswahili, bila malipo, hata kama kipimo hakikufanyika kwetu. Njoo na karatasi ya majibu na ya altrasaundi, na kama unajua nani kwenye ukoo aliugua na akiwa na umri gani, tuandikie kwenye kipande cha karatasi. Kama majibu uliyapimia hapa na bahasha imelowa mvua au imepotea, namba ya risiti inatutosha.