Mdogo wangu, ile barua nisingeweza kuisaini

Mdogo wangu,

Unawaambia watu huko Nachingwea kwamba nilimnyima mwanao ubatizo. Mimi hukuniambia, neno limenifikia kwa midomo ya wengine, basi nami nakujibu hapa hapa wanaposikia.

Ubatizo haukuwa wangu kuutoa wala kuuzuia. Nilichokataa kusaini ni barua ya utambulisho ya jumuiya, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja. Barua ile haina maneno mengi: huyu tunamfahamu, tunasali naye. Ulikuja nayo Jumamosi jioni, mtoto abatizwe kesho yake, na wanajumuiya jina lako walikuwa wakilisikia kwangu tu. Ukaichana mbele ya mama, ukamwambia, "Mwanao amekuwa Mfarisayo." Mama hakujibu. Aliinama, na kiuno chake kile unachokijua, akaanza kuokota vipande sakafuni, nawe ukamruka ukatoka. Kuitwa Mfarisayo nimeshasamehe. Lile la kumruka mama, bado.

Ulidhani sababu ni ndoa yako isiyobarikiwa. Siyo. Kanoni 868, yaani sheria ya Kanisa Katoliki, inadai mzazi mmoja walau akubali, na pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Paroko atalijuaje tumaini hilo, naye hakai nyumbani kwako? Anaiuliza jumuiya, na jumuiya inasema iliyoyaona Dominika kwa Dominika, yaani kila Jumapili.

Walio katika ndoa isiyobarikiwa kama wewe, wengi hukwama kwenye hiyo Dominika. "Siwezi kukomunika, kuipokea Ekaristi, nikafanye nini kanisani?" Kanoni 1247 inakudai kushiriki Misa kila Dominika. Kukomunika, lazima yake ni mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Ni mambo mawili. Watu huyachanganya, na mtu akizuiliwa la pili anaacha na la kwanza. Asiyekomunika bado anasikia Injili, anaomba na kuombewa, na wa benchi la nyuma wanajua kama anaumwa.

Halafu unasingizia korosho. Najua, Oktoba hadi Desemba zikianguka ni kuokota. Mvua ikizikuta chini zinashuka daraja, na mnadani hakuna anayekuuliza ulikuwa kanisani. Ndiyo maana Misa ya Jumamosi jioni inahesabika. Ndiyo maana pia kanoni 1245 inampa paroko mamlaka ya kukuruhusu ukiwa na sababu ya haki. Lakini umwendee kabla! Wewe unanyamaza tangu Oktoba, Januari inakukuta umeshazoea kulala.

Unasema pia kigangoni, kanisa dogo lililo chini ya parokia, padre haji kila wiki. Kweli haji. Katekista, mwalimu wa dini, anaongoza Ibada ya Neno, na kanoni 1248 inaihimiza sana pale ambapo Misa haipatikani. Masomo ni yale yale yanayosomwa Ndanda na Roma siku hiyo, kwa mzunguko wa miaka 3: mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka. Anayekuja Krismasi na Pasaka tu anaijua hori na anajua kaburi tupu. Msamaria na mwana mpotevu hakutani nao. Mtoto wako atafundishwa na nani hayo ya katikati?

Unasema Mungu yupo hata shambani, na ni kweli. Hata wale Wakristo 49 wa Abitina, Afrika ya Kaskazini, walilijua hilo. Walikamatwa mwaka 304 kwa kosa la kukusanyika Dominika, na mmoja wao alipoulizwa alijibu kwamba bila Dominika hawawezi.

Mdogo wangu, nakutaka urudi, na mtoto nataka kumwona amebatizwa. Anza Dominika hii. Usisubiri kitubio, yaani kuungama dhambi, ndipo uje. Kitubio kinatangulia komunyo, hakitangulii mlango wa kanisa. Fika kabla ya wimbo wa mwanzo, maana wanaoingia katikati ya mahubiri hutoka pia kabla ya matangazo, na semina ya wazazi wanaobatiza watoto hutangazwa hapo. Katikati ya wiki uende kwenye jumuiya ya hapo unapoishi, ujitaje jina. Cheti chako cha ubatizo kaombe Nyangao, umeandikwa katika daftari lao. Na tafuta msimamizi mwingine wa ubatizo wa mtoto. Yule uliyemleta hana kipaimara, na kanoni 874 inataka msimamizi awe nacho, awe amekomunika, awe ametimiza miaka 16. Hata ningesaini Jumamosi ile, paroko angekurudisha kwa hilo.