Kabla ya kununua wingu, tuulize mashine ziko wapi na tutatokaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafanyabiashara wadogo na wa kati wa Tanga, wakiwamo mawakala wa forodha, wenye maduka ya jumla, zahanati, shule binafsi na wasindikaji wa vyakula, kuhusu jambo ambalo kwa sasa linauzwa kwetu kwa nguvu kuliko linavyoelezwa, yaani kuhamisha hesabu, orodha za wateja na nyaraka za biashara kutoka kompyuta ya ofisini kwenda kwenye kile kinachoitwa wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti. Kazi yangu ni kutunza mifumo ya hesabu ya ofisi kadhaa za hapa mjini, na msimamo wangu ni kwamba kwa biashara nyingi za kwetu chaguo linalofaa ni wingu binafsi lililowekwa hapa hapa nchini, katika kituo cha data, yaani jengo maalumu la kutunzia kompyuta hizo, kinachostahili kuitwa hivyo, ilimradi mnunuzi ajue mapema atatokaje siku akitaka kuondoka.

Wingu ni la aina mbili. Katika wingu la umma, wateja wengi hugawana mashine za kampuni kubwa na kila mmoja hulipa kwa kadiri ya alichotumia. Vituo vikubwa vya aina hiyo vilivyo upande wetu wa Afrika viko Afrika Kusini, ambako Microsoft ilifungua mwaka 2019 na Amazon mwaka 2020. Katika wingu binafsi, seva na diski hutengwa kwa ajili ya mteja mmoja, kisha programu maalumu huzigawa seva hizo katika mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva, moja ikibeba hesabu, nyingine stoo, nyingine mafaili, na yoyote kati ya hizo inaweza kuongezewa kumbukumbu au kuhamishiwa seva nyingine bila fundi kushika bisibisi. Sifa kubwa ya wingu la umma ni kupanuka ghafla pale wateja wanapofurika kwa siku moja. Wakala wa forodha wa Chumbageni hana siku ya namna hiyo. Kazi yake huongezeka meli inapofika, na tena inapokaribia tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya ritani za VAT, na ongezeko lote hilo hulijua kabla. Ofisi yenye watumiaji ishirini wa programu ya uhasibu na ya stoo kwa kawaida hutosheka na mashine pepe mbili au tatu, mwezi hadi mwezi, na anayetumia kiasi kile kile kila mwezi hana sababu ya kulipia uwezo wa kupanuka ambao hataugusa.

Kuna pia suala la sarafu. Mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,600, na waliokuwa wakilipia huduma za nje kwa kadi waliona ankara ya huduma ile ile ikipanda wakati bei yao ya kuuzia imebaki pale pale. Mteja wangu mmoja alifungiwa akaunti katikati ya kufunga mwaka kwa sababu kadi yake ilikataliwa mara mbili, na mtu wa kumpigia simu hakumpata, bali alijibiwa na fomu. Mtoa huduma wa ndani anaweza kulipwa kwa shilingi, na tangu kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zitoke, hana ruhusa hata ya kukutajia bei kwa dola. Anayekuletea makadirio ya dola huku ofisi yake iko Dar es Salaam, mrudishie karatasi yake.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima ikazorota. Ofisi ambazo hesabu zao zilikuwa ng'ambo hazikuweza hata kutoa ankara, ingawa mteja alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake uko bandarini umbali wa kutembea kwa miguu. Mashine iliyoko Dar es Salaam hufikiwa kutoka Tanga kwa njia ya nchi kavu, kwa hiyo hitilafu ya baharini haiihusu moja kwa moja. Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kama mtoa huduma wako wa seva na mtoa huduma wako wa intaneti hawabadilishani data hapa nchini, kwa mfano katika kituo cha TIX kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2004, data yako inaweza kuzunguka nje ya nchi ndipo irudi, na hapo faida yote ya ujirani imepotea. Ulizeni swali hilo kwa maandishi. Na kwa kuwa njia ya nchi kavu nayo hukatwa na matingatinga ya wachimba barabara, ofisi iwe na faiba pamoja na laini ya simu ya kampuni nyingine ya kukimbilia.

Wapo watakaoniambia kwamba kama ujirani ndio hoja, basi seva ikae dukani. Nawaomba waje nao waone. Katika duka moja la vifaa vya ujenzi Ngamiani, mashine iliyobeba deni la kila fundi na kila mkandarasi imewekwa sakafuni chini ya kaunta, imefunikwa kipande cha khanga, hatua mbili kutoka kwenye mifuko ya saruji. Tulipoifungua, feni ilikuwa imeganda kwa vumbi lililoshikana na unyevu, na vichwa vya shaba vya nyaya vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, kama vitasa vya milango ya nyumba za Raskazone. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, joto la Kaskazi halina huruma kwa diski, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndio hasa unaounguza. Kituo cha data kina viyoyozi vinavyodhibiti unyevu, betri, jenereta, njia mbili za umeme, na mlinzi anayeandika jina la kila anayeingia. Ni gharama ambazo duka peke yake haliwezi kuzibeba, na hata likiweza halina haja.

Ukifika kwenye mkataba, soma asilimia. Ahadi ya kupatikana kwa huduma kwa asilimia 99 inasikika vizuri, lakini inamruhusu mtoa huduma azime kwa zaidi ya siku tatu na nusu kwa mwaka bila kukudhulumu, asilimia 99.9 inamwachia kama saa tisa. Tofauti hiyo ndogo ya tarakimu ndiyo inayoamua kama mzigo utatoka bandarini leo au keshokutwa.

Sheria nayo isitumiwe kutuogofya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wazilinde. Haikupiga marufuku moja kwa moja kupeleka taarifa nje, ila imeweka masharti, na muuzaji anayekuambia kwamba kutumia huduma ya ng'ambo ni kosa la jinai anatafuta wateja tu. Kilicho kweli ni kwamba zahanati yenye mafaili ya wagonjwa ina masharti machache ya kutimiza taarifa zikibaki nchini, na kwa zahanati hiyo ni nafuu ya kweli.

Ninaloliona kubwa kuliko yote ni mlango wa kutokea. Nimesoma mkataba wa kampuni moja ya hapa nchini ambao kifungu cha mteja anayeondoka kina mstari mmoja, kwamba data itafutwa, bila kusema nani ataitoa, kwa muundo gani na kwa bei gani. Kufungwa hivyo hakutokani na umbali, na jirani anaweza kukufunga kuliko mgeni. Tumeona pia jinsi mwenye programu anavyoweza kubadilisha masharti: kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware, yenye programu ya kugawa seva katika mashine pepe, mwezi Novemba 2023, mwezi uliofuata iliacha kuuza leseni za kudumu, na waliojenga wingu lao juu ya programu hiyo wakajikuta wanaandaliwa ankara za kila mwaka. Mtoa huduma anayetumia programu huria, ambayo haimilikiwi na kampuni moja pekee, kama Proxmox au OpenStack anakupa nafasi ya kuichukua mashine pepe yako nzima na kuihamishia kwingine. Mwambie akuoneshe namna ya kuitoa kabla hujalipa, na funguo za usimbaji, yaani za kuifunga data isisomwe na mwingine, zibaki mikononi mwako.

Na nakala rudufu isikae jengo moja na nakala halisi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao zilikuwa pale pale. Nakala moja iwe Dar es Salaam, nyingine mkoa mwingine au hata nje ya nchi ikiwa imesimbwa, na kila baada ya miezi michache ifunguliwe na mhasibu asome leja ndani yake, si fundi kusema tu kwamba ipo.

Duka la watu watatu lisijisumbue na seva zake lenyewe. Likodi sehemu iliyotengwa katika wingu binafsi la mtoa huduma wa nchini. Kiwanda au shule yenye matawi ndiyo yenye hoja ya kununua mashine zake na kuzipangisha nafasi kwenye kituo cha data. Ningependa tawi la TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, la mkoa wetu liwakusanye wanachama wanaohitaji huduma hii na kuomba bei kwa pamoja, kwa shilingi, likitaka zabuni zioneshe mambo manne ambayo leo kila mnunuzi huyatafuta peke yake: bei ya mwezi, bei ya kutoka, asilimia ya kupatikana, na mahali nakala ya pili inapolala.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga