Mtoto abatizwe, mambo ya baba yake tutaongea baadaye

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salamu tu. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako na nikirefusha nivumilie, maana hili jambo limenikaa rohoni miezi sasa na kila nikisema nilinyamazie linarudi, hasa usiku.

Mimi najitolea ofisi ya parokia siku za Jumamosi, naandika daftari la ubatizo na kutoa vyeti kwa wanaotaka kufunga ndoa. Parokia siitaji na naomba usiniulize. Lile daftari ni kubwa, ukilifungua linakula meza nzima, na kila mbatizwa ana mstari wake, jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, baba, mama, msimamizi, padre aliyebatiza, alafu pembeni kabisa kuna sehemu ya maelezo na hapo ndipo wanakuja kuandika baadaye kipaimara kapata lini, ndoa kafunga wapi, au kama kawa padre au mtawa. Hata ukifungia ndoa mbali huko, taarifa inatakiwa irudi kule ulikobatizwa iandikwe kwenye mstari wako. Watu wengi hawalijui hili mpaka siku wanahangaika na cheti.

Sasa Jumamosi moja kaja binti na mtoto wa miezi minne hivi, kuuliza utaratibu wa kubatiza. Mezani hakuwepo padre, alikuwepo mzee mmoja kati ya viongozi wetu, mtu mzuri tu ukikutana naye msibani. Akamuuliza baba yuko wapi, binti akasema hayupo. Kasafiri? Hapana, hayupo tu. Kwahiyo hamna ndoa? Hatuna. Basi mama kaweke kwanza mambo yako sawa ndio uje. Yani hazikufika dakika tatu, mtoto mwenyewe kalala wala hajui anajadiliwa. Binti hakubisha, akamfunika mtoto vizuri, akasema asante (asante ya nini jamani!) akatoka. Na mimi nilikuwa palepale nimeshika kalamu, sikutia neno.

Kwanini sikutia neno sijui, maana kama kuna mtu kwenye ile ofisi alitakiwa kuongea ni mimi. Mstari wangu kwenye daftari la parokia niliyobatizwa, pale pa jina la baba pana kistari. Nilikigundua nikiwa na miaka 22 nimeenda kuchukua cheti nifunge ndoa, karani akawa ananakili huku mimi nachungulia kichwa chini juu, nikakiona, kimepigwa kwa rula, wino umeshakuwa wa kahawia. Mama hakuwahi kunificha kwamba baba hakuwepo ila sikuwaza kama kuna mahali pameandikwa. Nikaona aibu kidogo alafu nikasoma mbele, msimamizi yupo, padre kasaini, kipaimara kipo, na wiki chache baadaye na ndoa ikaongezwa palepale. Mama anasema padre alimuuliza mambo mawili tu, mtoto anaitwa nani na je utamlea Kikatoliki, akajibu, Jumapili iliyofuata nikamwagiwa maji. Sasa yule padre angemwambia kaweke mambo yako sawa kwanza, mimi leo ningekuwa naandika daftari la nani?

Baada ya siku ile nikaenda kuitafuta Sheria ya Kanisa, hii iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, nikaisoma taratibu na miwani yangu. Kanuni ya 868 inasema ili mtoto mchanga abatizwe kihalali wazazi waridhie, au angalau mmoja wao, MMOJA, na liwepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika dini Katoliki. Tumaini likikosekana kabisa ubatizo unaahirishwa na wazazi wanaelezwa sababu. Kuahirisha kwenyewe basi kuna masharti yake na sijaona palipoandikwa cheti cha ndoa. Iliyonimaliza kabisa ni kanuni ya 877, hiyo ni ya sisi waandishi wa daftari, inaeleza mtoto akizaliwa na mama asiye na ndoa jina la mama liandikwe vipi na la baba liandikwe lini na lisiandikwe lini. Na sheria ya zamani ya 1917 nayo ilikuwa na kifungu kama hicho. Sasa mnisaidie wenzangu, kama mtoto wa namna hiyo habatizwi, kifungu cha jinsi ya kumwandika kwenye daftari la ubatizo waliweka cha nini? Kile kistari changu kiko kisheria kabisa!

Na marehemu Papa Fransisko alilisema hili bila kuzunguka, Mei 2013 kwenye mahubiri ya asubuhi, akatoa mfano wa binti aliyezaa bila ndoa anaenda parokiani kuombea mtoto ubatizo anaambiwa haiwezekani, akasema Yesu aliweka sakramenti saba na sisi kwa tabia hii tunaweka ya nane, ya forodha. Januari 2014 akabatiza watoto 32 kwenye Kikanisa cha Sistina na mmoja wao wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu. Kama pale Roma ilipita, huku kwetu tunazuia kwa mamlaka ya nani?

Najua watakaonijibu. Watasema tukibatiza hovyo mabinti wataona ndoa haina maana, au watoto watabatizwa alafu hawaonekani tena mpaka komunyo ya kwanza. Hilo la pili nakubaliana nalo, nawaandika mimi nawajua, na wengi wao wana baba na mama na cheti cha ndoa kwenye fremu sebuleni. Hao hakuna anayewaambia kaweke mambo sawa. Paroko akitaka mama ahudhurie mafundisho kabla ya ubatizo ana haki hiyo na mimi namuunga mkono, tena akaze. Lakini mafundisho ni kumwambia njoo, na yule binti aliambiwa nenda. La kwanza silielewi hata nikijitahidi, kwamba mtoto wa miezi minne akae bila ubatizo ili mama yake apate funzo. Na hiyo ndoa tunayomwambia akaifunge, akaifunge na nani, na mtu aliyemkimbia? Tunataka aburute mwanaume yeyote mpaka altareni ili sisi tujaze nafasi kwenye fomu?

Kuna na hii ya michango, nitaigusa tu maana ni mada ya siku nyingine. Nimesikia watu wakiulizwa kwanza wamelipa nini kabla hata jina la mtoto halijatajwa. Kanuni ya 848 inasema mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Wenye kadi za michango mkononi waisome.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mimi hiyo ibada naijua kwa moyo. Inaanza mlangoni, padre anauliza mtoto anaitwa nani, anauliza mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu, wazazi wanajibu ubatizo, alafu anamwambia mtoto kwa jina lake kwamba anapokelewa kwa furaha kubwa na kumwekea alama ya msalaba kwenye paji la uso, na sisi wote kwenye mabenchi tunatabasamu, wengine na simu juu wanarekodi. Yule binti aliomba kitu kilekile kwa maneno yaleyale. Tofauti ni kwamba aliomba Jumamosi, ofisini, na hatukuwa na simu juu.

Nikaanza kumtafuta kwa macho kila Jumapili. Miezi miwili sikumwona, juzi nikamwona, benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, anatoka kabla ya baraka. Nikatoka mbio nyuma yake, miguu yenyewe hii, nikamkuta nje ananyonyesha. Nikamwambia mimi ndiye yule niliyekuwa nimekaa kimya siku ile. Akasema anakumbuka. Tukakaa. Mtoto kakua, ana meno mawili, kanivuta mkufu wa rozari mpaka nusura aukate.

Nimemwomba niwe msimamizi, sheria inataka niwe nimefika miaka 16, nina kipaimara, naishi kulingana na imani na mimi si mama wa mtoto, hayo yote ninayo na ya miaka ninayo ya kugawa. Amesema atafikiria. Jumamosi hii nimemwahidi tutaenda wote kumwona paroko mwenyewe, maana nina hakika hii habari haijawahi kumfikia, imeishia mezani. Zile kanuni nimezinakili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, 868, 877 na 848, na kalamu ya daftari siku hizi natembea nayo kwenye mkoba.

Msomaji wako,
Bibi wa daftari