Maumivu Yamekwisha, Mbona Bado Unachechemea?

Mteja anapoingia katika chumba chetu cha mazoezi tiba hapa Mtwara, kabla hatujamwuliza anaumwa wapi, humwomba avue ndala zake na kuzipindua tuone soli. Mara nyingi ndala ya mguu mmoja huwa imelika upande wa nje hadi raba imebaki nyembamba, ilhali ya mguu wa pili ingali nzima. Soli iliyolika haitoshi kututambulisha ugonjwa, wala hatuitumii kuamua tiba, lakini hufungua mazungumzo, kwa kuwa hapo ndipo mteja anapokumbuka kwamba miaka miwili iliyopita aliteguka kifundo cha mguu alipokuwa akishuka kwenye bodaboda, akakandwa kwa maji ya moto, akapumzika wiki tatu, uvimbe ukapungua, akarudi kazini akiamini kuwa amepona. Leo amekuja kwa sababu ya goti, au kiuno, na kifundo hata hakukitaja.

Kuisha kwa maumivu na kupona ni mambo mawili, na katikati yake ndipo kazi yetu ilipo. Kifundo kinapoteguka, kano zinazoshikilia mifupa upande wa nje huvutika au kuchanika, na pamoja nazo hudhurika neva ndogo zinazouarifu ubongo jinsi mguu ulivyokaa. Kano zenyewe huanza kujiunga ndani ya siku chache na huendelea kukomaa kwa miezi mingi, lakini taarifa kutoka kwenye neva zile hubaki hafifu, na misuli ya pembeni mwa muundi ambayo ingewahi kuuzuia mguu usipinduke huchelewa kuitika. Wakati huohuo mwili umejifunza kukwepa: uzito umehamia mguu wa pili, hatua zimefupishwa, nyonga imeanza kusaidia kazi ambayo haikuwa yake. Ukwepaji huo ulikuwa na faida siku zile za uvimbe. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuambia mwili kuwa siku zile zimekwisha, na kifundo hichohicho huteguka tena kwenye mchanga au kwenye ngazi, safari hii kwa jambo dogo zaidi.

Jaribu sasa hivi, ukiwa karibu na ukuta ili usianguke. Simama kwa mguu mmoja, kisha hesabu hadi 30. Badilisha mguu. Wengi waliowahi kuteguka hushangaa kuona mguu mmoja umetulia na mwingine unatetemeka, vidole vikikwangua sakafu kutafuta pa kushika. Zoezi la kurekebisha huanzia hapohapo: kusimama kwa mguu ule dhaifu kila asubuhi unapopiga mswaki, baadaye kusimama huku ukigeuza shingo kulia na kushoto, baadaye kusimama ukifumba macho, na mwishoni kuruka na kutua bila goti kuingia ndani. Halihitaji mashine yoyote, linahitaji kufanywa kila siku.

Wateja tunaowapata kwa wingi zaidi, hata hivyo, huja kwa ajili ya kiuno, na idadi huongezeka msimu wa korosho unapoanza, kuanzia mwezi Oktoba. Anayeokota korosho hufanya kazi ameinama kutwa nzima, na anayezipakia ghalani hubeba gunia la kilo 80 hivi, tena na tena, bila kupata nafasi ya kufikiri namna ya kuliinua. Hatumwambii mtu wa namna hii aache kuinama, kwa sababu kuinama ndiyo riziki yake, na kwa maoni yetu ushauri wa kumtaka apumzike tu humnyima kipato na pia hudhoofisha misuli ambayo ataihitaji akirudi shambani. Tunachofanya ni kumfundisha kukunja nyonga. Tunampa mpini wa jembe aushike nyuma ya mgongo, uguse kisogo, katikati ya mabega na kifandugu, kisha tunamwomba arudishe makalio nyuma, kana kwamba anafunga mlango ambao mikono yake haiufikii, huku mpini ukiendelea kugusa sehemu zote tatu. Mara ya kwanza mpini huachana na kifandugu mapema, maana mgongo umezoea kufanya kazi ya nyonga. Baada ya siku kadhaa mteja husema anasikia misuli ya nyuma ya mapaja ikivutika, na hapo tunajua kuwa mzigo umeanza kwenda mahali penye nguvu. Ndipo tunaongeza uzito: ndoo ya lita 10, kisha ya lita 20, na hatimaye gunia ambalo halijajazwa.

Tusieleweke kwamba tunanyoosha kila mtu awe sawa kama rula. Bega moja kuwa chini kidogo ya jingine si ugonjwa, na wapo watu wenye migongo iliyopinda ambao wamelima maisha yao yote bila kuumwa. Tunarekebisha mwendo pale tu unapomzuia mtu kufanya kazi yake, au unapohusiana na maumivu yake kwa namna tunayoweza kuipima mbele yake.

Jambo jingine linalowakatisha tamaa wateja ni muda. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya kano ya kisigino kwa wanamichezo 15 wasio wa kulipwa, ambao walishusha kisigino polepole kwenye ukingo wa ngazi mara 180 kwa siku kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Wiki 12 ni karibu msimu mzima wa korosho. Tunaitaja hesabu hiyo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa tumeona wateja wengi wakiacha mazoezi katika wiki ya tatu, maumivu yanapopungua, kisha wakarudi kwetu wakiwa na hali ileile.

Wapo ambao hawapaswi kuanzia kwetu. Ikiwa umeumia kifundo na huwezi kutembea hata hatua nne, au mfupa unauma ukiubonyeza, nenda hospitali ukapigwe eksirei. Ikiwa maumivu ya kiuno yameambatana na ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu kulegea, nenda leo hii, usingoje kesho.

Kwa wengine wote, mkutano wa kwanza huchukua saa moja. Tunakutazama ukitembea, ukichuchumaa, ukipanda ngazi na ukiinua kitu unachokiinua kila siku, kisha unaondoka na mazoezi matatu tu, kwa kuwa tumejifunza kwamba anayepewa kumi hafanyi hata moja. Anayetoka Newala au Tandahimba hatumtaki arudi kila wiki kumalizia pesa zake kwenye nauli. Tunampigia simu, na akipenda hututumia video fupi akiwa anafanya mazoezi nyumbani, kisha tunaonana baada ya wiki nne. Njoo na cheti cha hospitali na picha ya eksirei kama unazo, vaa nguo zisizobana magoti, na tafadhali njoo na ndala au viatu unavyofanyia kazi, hata kama vimechakaa.