Waheshimiwa, "Lini" Haimbani Waziri: Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Mkoa wa Kigoma

Waheshimiwa wabunge wetu, kuanzia Buyungu na Muhambwe kule juu hadi Kigoma Kusini kwenye mwambao wa ziwa,

Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo. Kwa kiti mlichokalia ninyi ni waheshimiwa; kwa umri wengi wenu ni wanangu, na wawili watatu ni wajukuu. Mtaniwia radhi nikichanganya heshima na ukali.

Nina jambo moja tu: namna mnavyowauliza mawaziri habari za fedha na huduma. Mnasimama asubuhi, mnashukuru kwa kupewa nafasi, kisha mnauliza: "Je, ni lini Serikali itajenga barabara hii?" Naibu Waziri anasimama na karatasi yake: Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea, ujenzi utaanza kulingana na upatikanaji wa fedha. Amejibu, kanuni zimetimia, na huku Kasulu hakuna aliyepata hata kifusi. Mradi wa umeme wa Malagarasi, ule wa megawati 49.5, umeulizwa "lini" mara nyingi, na majibu yake ukiyaweka pamoja yanafanana kama migebuka ya wavu mmoja.

"Lini" ni swali la kesho, na kesho hakuna mtu aliyeitia sahihi. Ulizeni ya jana. Ibara ya 63 ya Katiba inawapa haki ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haki hiyo ina meno pale tu swali linapodai kiasi, tarehe na kasma, yaani mstari wa bajeti fedha inapotoka.

Shilingi ina njia yake, na ni lazima muijue hatua kwa hatua. Bunge likishapitisha bajeti, fedha bado haijapatikana. Kilichopatikana ni ruhusa. Hazina ndiyo inayotoa, na hutoa kwa kadiri ya makusanyo. Ikitoka inakwenda wizarani, kwa wakala kama RUWASA wa maji vijijini au TARURA wa barabara za vijijini na mijini, au halmashauri. Hapo zabuni inapita kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, mkataba unasainiwa, mkandarasi anaingia kazini, kazi inapimwa, hati ya madai inawasilishwa, mhandisi msimamizi anaithibitisha, ndipo malipo yanafanyika. Safari yote hiyo bungeni inafunikwa kwa neno moja: "zimetengwa". Mkisikia neno hilo, swali linalofuata liwe mdomoni tayari: zimetolewa ngapi?

Pengo la kwanza liko hapo, kati ya kuidhinishwa na kutolewa. La pili ni la kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Fedha ya maendeleo ikifika halmashauri mwishoni mwa Mei, mkurugenzi ana wiki nne za kufanya kazi ya miezi minne, na hapo ndipo madirisha hununuliwa kabla ya kuta. La tatu ndilo linalouma zaidi kwa sababu halionekani: hati imethibitishwa lakini haijalipwa. Mkandarasi anaondoa mitambo, riba inaanza kuhesabika kwa mujibu wa mkataba, na riba hiyo itakuja kulipwa kwa fedha ambayo ingejenga kilomita nyingine. CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, ameiandika riba ya namna hii katika ripoti zake mara kwa mara. Ni nadra kumsikia mbunge akiiuliza kwa jina.

Kwa miradi ya mkopo kama barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, iliyokopewa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kuna mtego wa ziada. Kitabu cha Nne cha makadirio, kile cha miradi ya maendeleo, kinatenganisha fedha za ndani na fedha za nje. Za nje hujenga. Fidia ya wananchi kwa kawaida hutoka kwenye za ndani. Waziri akitaja jumla kubwa, karibu yote ikiwa ya nje, na safu ya ndani ikawa nyembamba, jueni kuna watu watakaa na alama za X za kubomolewa kwenye nyumba zao muda mrefu, wakisubiri fidia. Ulizeni safu ya ndani peke yake.

Sasa tuuone mradi kwa karibu. Chukulieni kijiji cha mwambao, cha kubuni lakini mtakitambua: watu 4,000, ziwa liko hapo mbele, maji ya bomba hayapo. Kwa kiwango cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, kila mtu apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250. Kwa hiyo mradi unahitaji lita 100,000 kwa siku na vituo 16. Vituo vimejengwa vyote 16, tenki limepakwa rangi, na taarifa ya wizara inasema mradi umekamilika kwa asilimia 100. Lakini pampu iliyofungwa inasukuma lita 10,000 kwa saa na inategemea umeme wa jua. Jua la kufanya kazi vizuri hupatikana kwa muda wa kama saa sita tu kwa siku. Zinapanda lita 60,000, vituo vya chini vinazichota, na vile vya juu mlimani, karibu na shule, vinabaki nguzo za saruji. Hakuna aliyeiba kitu hapo, pengine. Mtu alikosea hesabu au alipunguza pampu ili bei ishuke.

Mbunge akiuliza "Serikali ina mpango gani wa kuwapatia maji wananchi hawa", atajibiwa kwamba mradi umekamilika, na mbele ya nchi nzima ataonekana yeye ndiye hajafika jimboni. Swali la msingi liwe hivi: mkataba wa mradi huu ni wa shilingi ngapi, hadi tarehe 31 Machi mkandarasi alikuwa amelipwa ngapi, na kati ya vituo 16 vilivyo kwenye mkataba, ni vingapi vilikuwa vikitoa maji siku hiyo? Swali la msingi huwasilishwa mapema kwa maandishi na jibu lake huandaliwa na wataalamu wa wizara. Msilifanye la kumtega mtu. Lifanyeni la kupata namba.

Kazi yenyewe iko kwenye maswali mawili ya nyongeza. Mawili tu, Waheshimiwa, na wengi wenu mnalitupa la kwanza kwa shukrani na la pili kwa barabara ya kata nyingine kabisa, ambayo Naibu Waziri atasema atakaa na wewe muangalie. Nyongeza izaliwe na jibu. Akisema vituo vyote 16 vinatoa maji: je, usanifu ulitaka pampu ya lita ngapi kwa saa, na iliyofungwa ni ya ngapi? Halafu la pili: muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro unaisha tarehe gani, na ile sehemu ya malipo inayozuiliwa hadi kasoro zirekebishwe, imeshalipwa au bado? Hilo la mwisho lina haraka kuliko yote, maana fedha hiyo ikishatoka, mkandarasi hapokei simu.

Kabla ya kuuliza, nendeni. Fikeni saa nane mchana na tena saa moja asubuhi, fungueni kila koki, andikeni. Ombeni daftari la chombo cha watumia maji: saa ambazo pampu ilifanya kazi, ndoo zilizouzwa, bei ya ndoo. Namba mliyohesabu wenyewe haibishiwi na mtu aliyeko Dodoma. Na kwa kuwa Spika huweza kuwapa wabunge wengine nafasi ya nyongeza, pangeni wenyewe kwa wenyewe: mmoja anauliza la msingi, wawili wanasimama wakiwa na vijiji vyao vyenye tatizo lilelile. Huu ni mkoa mmoja. Mambo ya chama wekeni pembeni kwa dakika tano.

Dawa nitazisema kwa kifupi. Waziri akitaja asilimia ya upatikanaji wa dawa, muulizeni asilimia hiyo imepimwa wapi, kwenye bohari au kwenye rafu ya zahanati, na kwa orodha ya dawa zipi. Zahanati ikiomba aina 40 zikaja 22, hizo 18 zilizokosekana ndizo swali.

Ukumbi una kelele kuliko kazi. Kazi iko kwenye kamati za kisekta, zinazopitia makadirio kabla ya mkutano wa bajeti wa Aprili. Huko Katibu Mkuu anakaa mezani, na yeye ndiye Afisa Masuuli, ndiye anayewajibika kwa kila malipo. Ukumbini anakaa pembeni akipeleka vimemo kwa waziri. Chukueni randama, kitabu cha wizara kinachofafanua makadirio yake, acheni hotuba ya utangulizi, nendeni kwenye jedwali la fedha zilizoidhinishwa na zilizopokelewa, mradi kwa mradi. Kwa namba za mafungu ya bajeti, Maji ni Fungu 49, Afya Fungu 52, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) Fungu 56, na mkoa wetu una Fungu 74. Mbunge wa Kigoma asiyejua namba 74 ni kama mvuvi asiyejua jina la mtumbwi wake.

Halafu kuna kushika shilingi, yaani kuzuia mshahara wa waziri usipitishwe hadi atoe maelezo. Tumeligeuza kuwa tamthilia: mbunge anatangaza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, watu wanapiga meza, waziri anaomba kwa unyenyekevu, shilingi inarudishwa, wote wanacheka. Silaha hii hutumika kwenye Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likipitia makadirio kifungu kwa kifungu, katika Kifungu 1001 cha utawala, penye mshahara wa waziri, na inahitaji muwahi. Muda ukienda, gilotini inashuka na vifungu vinapitishwa kwa mkupuo. Anayeshika ashike jambo moja, lenye namba, na awe amezungumza na wenzake wa kumuunga mkono tangu jana yake. Asirudishe shilingi kwa "nitalifanyia kazi". Arudishe kwa kiasi na tarehe vilivyotamkwa kwenye kipaza sauti, kwa sababu vikishatamkwa vinaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata swali lake la msingi linaanza kwa kunukuu ukurasa.

Msiombe pia kisichowezekana. Kwa Ibara ya 99, Bunge haliwezi kujiongezea matumizi bila pendekezo la Rais linalowasilishwa na waziri. Kusimama ukumbini na kudai "ongezeni bilioni mbili" ni kupoteza pumzi. Ongezeko hupiganiwa mapema, kwenye Kamati ya Bajeti, na lazima useme litoke kwenye kasma ipi.

Kuhusu ripoti ya CAG inayowafikia Aprili: inahusu mwaka ulioishia Juni iliyopita, kwa hiyo jueni mnamuuliza waziri habari za miezi tisa nyuma, na huenda mkurugenzi aliyetajwa ameshahamishwa. Na hati safi isiwalaze usingizi. Hati safi inasema hesabu zimeandikwa sawasawa; haisemi kwamba kisima kina maji. Lile linalowafaa liko kwenye ukaguzi wa miradi na kwenye mapendekezo ya miaka ya nyuma ambayo hayajatekelezwa. Anzeni na hayo, maana waziri hawezi kusema ameyasikia leo.

Upande huu wa nchi haujawahi kukosa wauliza maswali. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisimamishwa kuhudhuria Bunge baada ya kutaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Aliyekuwa Spika ni Samuel Sitta wa Urambo, hapo jirani Tabora, na chini ya Sitta huyohuyo ripoti ya kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond ilisomwa Februari 2008 na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2014 Zitto aliporudi na sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, alikuja kama mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, akiwa na ukaguzi maalumu wa CAG mkononi. Tazameni tofauti ya 2007 na 2014: hasira ilikuwa ileile, karatasi ndizo zilizoongezeka.

La mwisho ni la nyumbani, na wengine hamtalipenda. Kila mmoja wenu ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo na mjumbe wa baraza la madiwani. Taarifa za robo mwaka mnapewa huko, na nyingi zinabaki kwenye viti vya nyuma vya magari. Waziri mwenye akili, mkimbana kuhusu boma la zahanati lililoishia kwenye lenta, atauliza Mfuko wa Jimbo ulipeleka mabati mangapi pale. Muwe na jibu, na stakabadhi.

Kamati zitakaa hivi karibuni. Ombeni randama sasa, na nakala ya majibu mliyopewa mwaka jana ibandikwe kwenye ofisi za kata, pembeni ya namba mlizohesabu wenyewe.

Mzee wenu,
Ujiji, Kigoma